Neno la Mguuni

Machi 4

Mvua ya kwanza imepiga bati la jirani alfajiri, nikiwa macho tayari. Zamani ningemwambia mume wangu, "Hiyo imekuja," naye angejibu kwamba anaisikia, nami ningeuliza kama anaisikia mbona nguo bado ziko kambani, na siku yetu ingeanza. Leo nimemgusa bega nikamwonyesha dirisha. Akatoka kuanua nguo. Mimi nikabaki kitandani na ugomvi mzima mdomoni, hauna pa kutokea.

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Daktari alipotoa uvimbe kooni alitoa na kisanduku cha sauti chote. Alinieleza mapema, nikakubali, maana chaguo jingine lilikuwa jeneza. Sasa napumulia tundu dogo hapa shingoni, nalifunika kwa kitambaa chepesi. Kula nakula, kutembea natembea. Siwezi kupuliza chai, kwa sababu pumzi haipiti tena mdomoni, na nikicheka yanacheka mabega tu. Lakini maneno hayakutolewa pamoja na kile kisanduku. Yapo tele. Mimi ndiye niliyekuwa nawamalizia watu sentensi zao kwa kuona wanachelewa. Mtu wa namna hiyo haambiwi nyamaza akanyamaza.

Machi 6

Mvua. Soksi hazikauki.

Machi 9

Majirani wamekuja kunipa pole. Wananipigia kelele kana kwamba nilitolewa masikio. Mmoja, mama wa ghorofa ya juu, alimuuliza mume wangu huku mimi nimekaa katikati yao: "Anakula?" Ningekuwa na sauti angejua ninachokula. Mwingine kaniambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimemtazama mpaka akaaga.

Mume wangu anafundisha falsafa chuoni. Hajawahi kuwa profesa, ila mimi namwita Profesa tangu enzi za uchumba, siku alipotumia jioni nzima kunieleza kwamba huenda meza haipo kama hakuna wa kuiona. Nilimwambia agonge goti lake pale kisha anipe jibu. Wanafunzi wake wao wanamwita Bila Neno, kwa sababu kila mwaka anafungua somo kwa kauli ileile: bila neno hakuna wazo, na mtu hawezi kuwaza jambo asilokuwa na lugha yake. Anaiamini kama wengine wanavyoamini kesho itakuja. Tangu nitoke hospitali ananitazama kwa huruma, na nyuma ya huruma kuna kitu kingine. Nimekijua. Ana swali, na anaona haya kuliuliza.

Machi 13

Kapteni amekuja. Huyu ndiye mwenye chuo cha udereva ninachofundisha, tumempa jina hilo kwa ajili ya kofia yake asiyoivua hata akiwa ndani. Mimi ni mwalimu wa udereva. Nakaa kiti cha pembeni, kwenye gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwangu, na kwa miaka yote hiyo nimefundisha nusu ya mji huu kwa mdomo. Wapo madereva wakubwa leo ambao wakikaribia makutano bado wananisikia nikiwauliza kama hivyo vioo wamewekewa vya kupakia poda.

Kapteni alizunguka sana, akasifia mapazia, mwishowe akatua. Atanishikia nafasi yangu mpaka mvua ziishe. Nikionyesha kwamba naweza kufundisha bila kumhatarisha mtu, kiti changu ni changu. Nisipoweza, kuna meza ya mapokezi. Mtu asiye na sauti apokee wageni. Yeye hakuona kichekesho. Akasema, "Mwanafunzi asipokusikia, dada, atakuua wewe na yeye mwenyewe." Hapo sikuwa na la kupinga, hata kama ningekuwa na sauti ya kupingia.

Nakitaka kiti changu. Naandika wazi ili nisijidanganye baadaye. Meza siitaki.

Machi 15

Binti yetu amekuja na dawa. Yeye kazi yake ni kompyuta, na mwezi huu wote amekuwa akikusanya jumbe za sauti nilizomtumia miaka mingi, akazilisha kwenye programu. Simu yenyewe inaning'inia kifuani kwa kamba. Ninaandika maneno mawili, inanipendekezea sentensi tatu zilizokamilika, nachagua moja, inaitamka. Kwa sauti yangu. Si sauti inayofanana na yangu, ni yangu kabisa, hata ule mkwaruzo wa mwisho wa sentensi. Halafu inasikiliza pia: mtu akizungumza nami, majibu yanajipanga yenyewe kabla sijagusa kitu.

Nilitaka kuandika kwamba sauti iko vizuri lakini imekaa kama natangaza msiba. Nilipofika "sauti iko", sentensi ya juu ikajileta: "Sauti iko vizuri sana, asante mwanangu, Mungu akubariki." Nikaigusa, kidole kimechoka.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Alikaa chini palepale alipokuwa, akalia. Binti akalia. Nikawatazama watu wawili wakimlilia kwa furaha mtu aliyezungumza, na mimi nilikuwa bado natafuta herufi ya msiba.

Machi 16

Jino la pembe si dawa ya pengo. Lakini linatafuna.

Machi 22

Somo la kwanza. Nimepewa mwanafunzi mmoja wa majaribio, muuguzi wa wodi ya watoto, mama wa makamo. Nimempa jina Samahani, kwa sababu huomba radhi kwa kila kitu. Gia ikikwaruza, samahani. Akigusa ukingo wa barabara, anauambia ukingo samahani.

Mashine ni polepole. Nilipoona anaingia mzunguko bila kutazama, nilibonyeza, nikachagua, na kabla haijatamka mguu wangu ulikuwa umeshakanyaga breki yangu na gari limesimama. Ndipo sauti yangu ikasema kwa upole kabisa: "Tafadhali, punguza mwendo kidogo." Magari ya nyuma yalitupigia honi hadi tukaondoka. Mimi hapo zamani ningemuuliza kama mzunguko ni wa babake. Samahani akageuka akaniambia, "Watu walinitisha, mwalimu. Walisema una maneno makali. Kumbe una maneno matamu hivi."

Mwisho wa somo Kapteni alisema mashine ni nzuri ila ifanywe iwe na haraka.

Machi 27

Mvua usiku kucha. Barabara ya sokoni imetoboka.

Aprili 2

Nyumba ina amani. Naandika neno hilo kama naandika jina la mgeni.

Tumeishi na Profesa miaka mingi tukibishana asubuhi, tukipumzika mchana kwa kuwa yuko kazini, tukimalizia jioni. Si ugomvi wa kuvunja vyombo. Ni mazungumzo yetu. Sasa jioni anakaa, ananieleza kuhusu makala anayoandika, na simu inamwambia, "Hilo ni jambo zuri sana, naomba unieleze zaidi." Naye anaeleza zaidi. Jana amenieleza hadi chai ikalala. Leo kasema, "Siku hizi tunaelewana, mke wangu." Akanishika mkono, uso umemng'aa.

Mimi sikuwa nimeelewa chochote. Nilikuwa nawaza kwamba amevaa sweta ndani nje.

Aprili 5

Mvua. Somo limeahirishwa.

Aprili 9

Limenitokea jambo na nataka kuliandika kabla halijanipita.

Nilikuwa sokoni, muuza nyanya akanipimia mbovu chini nzima juu. Nikamtazama, na kichwani, kabla sijagusa simu, likaja: "Asante, siku nyingine." Lilikuja peke yake, limeshakunjwa vizuri kama shuka la hoteli. Zamani hapo pangekuwa na moto. Nilitafuta moto wangu nikakuta jivu la adabu. Nikalipa, nikaondoka na nyanya zangu mbovu.

Njia nzima nikajiuliza: mtu akikupa maneno ya tayari kila siku, na wewe ukayatumia kwa sababu ni mepesi, inafika lini siku ambayo unawaza kwa hayohayo? Profesa angesema ndivyo ilivyo kwa sote, hakuna aliyezaliwa na maneno yake, tuliokota kwa mama na kwa jirani. Kweli. Lakini mama yangu hakuwa akinisemea huku akinikatiza. Alinipa maneno akaniacha niyatumie vibaya mpaka nikayajua.

Hata humu daftarini, nikiangalia juu, nimeandika mahali fulani: kwa kweli namshukuru kila mmoja kwa msaada wake mkubwa. Nimelikata kwa mistari. Sikuwa mimi.

Aprili 12

Binti amekuja kuongeza haraka, kama Kapteni alivyotaka. Amenieleza: kuanzia sasa nisipochagua jibu mapema, programu itachukua la juu na kulitamka yenyewe, ili mazungumzo yasife. Nilitaka kumuuliza la juu linachaguliwa na nani. Skrini ikaniwekea, "Sawa, mwanangu." Nikagusa. Alifurahi, akaharakisha kwenda kazini.

Aprili 17

Nitaandika yote.

Mvua ilikuwa imetulia ikawa manyunyu. Tuliteremka kwenye bonde dogo nyuma ya soko, pale mtaro unapopita chini ya barabara. Leo mtaro haukupita chini. Maji yalikuwa juu ya lami, ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa nguvu kutoka kushoto. Samahani aliyaona. Alipunguza mwendo kama nilivyomfundisha, vizuri kabisa, akakaribia kusimama, akauliza: "Nipite, mwalimu?"

Mimi wakati huo nilikuwa na kitambaa mkononi, nafuta ukungu kwenye kioo. Sikugusa simu. Mguu wangu ulikuwa umeshakaa juu ya breki.

Na sauti yangu ikatoka kifuani kwangu, imetulia, yenye mapenzi: "Ndiyo, endelea. Unafanya vizuri."

Samahani ni mtu wa kutii. Alikanyaga mafuta. Mimi nikakanyaga breki. Gari moja, sauti yangu inalipeleka mbele na mguu wangu unalizuia. Matairi yakateleza, tukageuka ubavu, pua ya gari ikaingia mtaroni na maji yakapanda hadi mlangoni. Samahani aligonga pua kwenye usukani. Damu. Alipiga kelele, na mimi nikafungua mdomo wangu mtupu nikiwa sijui nafungulia nini, na tukiwa tumening'inia pale ile simu ikamsikia, ikamwambia kwa sauti yangu: "Pole. Kila kitu kitakuwa sawa."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyoichukia ile sauti.

Wachukuzi wa sokoni walituvuta nje. Samahani hakuvunjika kitu, namshukuru Mungu kwa maneno yangu mwenyewe. Kapteni akaja na kofia yake inachuruzika. Akamuuliza Samahani imekuwaje. Naye hakusema uongo: "Mwalimu aliniambia niendelee." Kapteni akanigeukia. Nikachukua simu. Ikaniwekea: "Samahani sana, ni kosa langu." Chini yake: "Nimekuelewa." Chini yake: "Asante kwa uvumilivu wako." Mimi nilitaka kuandika kwamba sikusema mimi. Mvua inadondokea skrini, kidole kinateleza, herufi zinaruka, na sentensi ya juu ikasubiri muda wake, ikajisema. Mbele ya watu wote nikakiri kosa kwa sauti yangu nzuri.

Nilitikisa kichwa. Nikatikisa mikono. Kapteni alinitazama kwa huzuni, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akasema, "Dada, sauti ni yako."

Aprili 18

Simu iko kabatini, nyuma ya mablanketi. Imezimwa.

Aprili 20

Kapteni ametuma ujumbe kwa mume wangu, si kwangu. Meza ya mapokezi iko tayari kuanzia mwezi wa sita.

Tangu ajali Profesa hajanisemesha sana. Leo alitengeneza chai, akaipoza kwa kuimimina kikombe kwa kikombe, maana kupuliza siwezi. Akaketi mbele yangu, akaweka kalamu na karatasi mezani. Nikajua lile swali limefika.

"Mguu wako uliposhuka kwenye breki," akasema, "neno gani lilikuwa kichwani mwako?"

Nikaandika: Hakukuwa na neno. Kulikuwa na maji.

Akakaa nayo. Ninamjua, alikuwa anatafuta mlango wa nyuma. Akasema pengine neno lilikuwapo, dogo, "hapana" fulani iliyopita kasi nisiitambue. Nikaandika kwa nguvu hadi karatasi ikachanika: Neno lilikuwapo, Profesa. Lilikuwa kwenye simu. Likasema endelea.

Akaunganisha mchaniko wa karatasi kwa kidole. Kisha akasema kitu ambacho sitamnyima haki yake. Alisema huo mguu haukuzaliwa unajua. Nimepiga kelele za breki miaka yote, kwa wanafunzi na kabla yao mwalimu wangu alinipigia mimi, na labda maneno yakisemwa sana yanashuka, yanaacha kuwa maneno, yanakuwa mguu. Nikafikiri, na nadhani ni kweli. Lakini yameshashuka. Hayahitaji tena kupanda kuomba ruhusa mdomoni. Na ile mashine ina maneno yangu mengi, ila hakuna hata moja lililoshuka popote. Haina pa kushukia. Haikuwa imeyaona maji.

Niliandika yote hayo, mbele na nyuma ya karatasi, akanisubiri. Halafu nikaandika lile lililokuwa linanichoma tangu siku ile aliposema tunaelewana: Ulimpenda yule mwingine.

Alisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Nilipumzika," akasema. "Sitakudanganya. Nilipumzika. Kisha nikaanza kukukosa, na ulikuwa umekaa hapohapo."

Nililia. Kilio changu nacho siku hizi ni mabega.

Aprili 21

Mvua. Tumegombana kwa maandishi kuhusu sweta. Ameshindwa.

Aprili 24

Binti amekuja na kuketi ukingoni mwa kiti kama mshtakiwa. Nilimwandikia swali moja: kwa nini ile sauti haijui kusema hapana?

Akaniambia ukweli. Jumbe zangu zilikuwa za namna mbili. Zipo za Mungu akubariki na umekula, na zipo zile nyingine, za wewe mtoto kichwa maji, za usiniletee upuuzi, za hapana na nimesema hapana. Hizo alizitoa. Alikaa siku nyingi akizisikiliza na kuzitoa moja moja. "Ulikuwa umeumwa, Mama. Nilitaka watu wakupende."

Sikuwa na hasira naye, na hilo lilinishangaza. Nilimwona akiwa mdogo akinichania nywele, anazitoa zile za mvi ili nisizeeke. Kila ung'oapo moja inauma, na mimi nilimwacha ang'oe. Nikaandika: Wakimpenda huyo, mimi nitakuwa wapi?

Akajibu kwamba kila asubuhi kabla ya kazi huwa anaifungua ile programu kwenye simu yake na kuiambia anaondoka, nayo inamwambia Mungu akubariki. Akasema anajua si mimi. Ila ni sauti. Nikamvuta nikamshika kichwa.

Mei 3

Samahani amebisha hodi. Pua imebaki na alama ya zambarau. Nilifikiri amekuja kudai, nikajiandaa kwa kalamu. Kumbe amekuja kuniomba nimfundishe.

Alisema amelifikiria jambo lile wodini, akiwa na watoto wachanga ambao hawana neno hata moja na anajua kabisa nani anasikia maumivu na nani ana njaa. Alisema mle garini alisikia vitu viwili kutoka kwangu. "Sauti ilinipeleka majini. Lakini breki ilikuwa imeshaanza kushuka kabla sijakanyaga, niliisikia chini ya nyayo zangu. Mimi nikachagua sauti, kwa sababu ilikuwa inanisifu." Akaomba radhi kwa hilo. Nikamwonyesha kidole: koma.

Mei 4

Nimekwenda kwa Kapteni kwa miguu yangu, nimeandika nyumbani kabisa ninachotaka. Somo moja. Yeye akae kiti cha nyuma. Bila mashine. Likishindikana nitakaa mezani na nitatabasamu.

Alisoma, akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi nyuma. Akasema atakuja mvua ikipungua. Nikachukua karatasi, nikaongeza: Mvua ikizidi.

Mei 7

Mazoezi uwanjani. Tumepatana na Samahani: nikigonga dashibodi kwa pete mara moja, apunguze. Kiganja wazi mbele ya kioo, asimame. Kidole kwenye kioo cha pembeni, atazame. Mengine hayana ishara. Mengine itabidi ayaone mwenyewe.

Mei 8

Amegonga pipa. Kaliambia samahani.

Mei 11

Kila siku nagundua jambo la aibu kidogo. Kumbe wanafunzi wangu wa zamani hawakuwa wakiendesha. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, kwa mdomo, na wao walikuwa mikono. Sasa nanyamaza na Samahani analazimika kuangaza macho. Leo alifika makutano, akasubiri ishara yangu, sikutoa. Nilikuwa na ishara. Pete ilikuwa inaniwasha kidoleni. Nilikaa juu ya mkono wangu kama mtoto. Akatazama kulia, kushoto, kulia tena, akapita vizuri, na ndani ya kifua changu maneno yote ya dunia yalikuwa yamesimama foleni.

Mei 16

Imenyesha tangu jana bila kupumua. Kapteni akakaa nyuma, magoti yamemfika kidevuni, kofia imegusa dari.

Mzunguko tukapita. Kilima tukapanda. Niligonga pete mara mbili tu njia nzima. Kapteni alikuwa akikohoa kila tukikaribia jambo, nikajua ni yeye anayetaka kusema. Kisha Samahani akashika njia ya bonde la nyuma ya soko. Sikumwelekeza. Alikata kona mwenyewe.

Maji yalikuwa juu ya lami. Pengine machache kuliko siku ile, pengine zaidi. Maji ya rangi ile hayakuonyeshi kina chake. Akapunguza. Akafika ukingoni, gari linanguruma, wiper zinakwenda. Na kwa mazoea, kama mtu anavyogusa mfuko kutafuta ufunguo, akauliza:

"Nipite, mwalimu?"

Mguu wangu ulikuwa juu ya breki. Kiganja changu kilikuwa mapajani. Ningekiinua tu, yakaisha. Nyuma Kapteni aliacha kukohoa. Nilimtazama Samahani na sikufanya kitu, na sijawahi kufanya jambo gumu kama lile katika maisha yangu ya kusema.

Hakuna aliyemjibu. Akanitazama. Akayatazama maji. Nikamwona anayatazama kweli, anatafuta ukingo wa barabara na kuukosa, anafuata kijiti kilichokuwa kikipita kwa kasi mpaka kikapotea upande wa pili. Mguu wake ukashuka. Nilisikia breki yangu ikizama chini ya wayo wangu, maana hizi breki zimeunganishwa, na haikuwa mimi niliyeikanyaga.

"Hapana," akasema. "Sipiti."

Akatia gia ya kurudi nyuma, akageuza gari, hakumwomba mtu radhi.

Tukarudi hadi chuoni. Pale Kapteni akashuka, akazunguka hadi mlango wangu, akavua kofia. Ana upara, kumbe. Akasema kiti ni changu, ila kila mwanafunzi aambiwe kabla kwamba mwalimu huyu hasemi, na achague mwenyewe. Nikakubali kwa kichwa.

Mei 23

Mwanafunzi mmoja amekataa kufundishwa na bubu. Wawili wamekubali.

Mei 29

Binti amerudisha yale yote aliyoyatoa, na ameondoa ile kujisemea. Sasa simu ina kichwa maji na upuuzi na hapana za kutosha. Anasema bado inapendekeza. Nimemwandikia azime mapendekezo; pa kuzimia alikuwa anapajua.

Nimeitumia mara moja, jioni, kumwambia mume wangu jambo. Herufi moja moja. Chai ilipoa yenyewe. Nilimwona mara mbili mdomo ukimfunguka kutaka kunimalizia, akaufunga. Mwishowe sauti yangu ikasema, "Profesa, unaongea sana." Alicheka hadi akafuta macho. Nikairudisha kabatini, safari hii mbele ya mablanketi.

Juni 2

Jua. Nguo zimekauka kabla ya saa sita.

Chuo cha Profesa kimefunguliwa, naye ameanza somo la mwaka mpya. Wanafunzi walikuwa wakisubiri kauli yake, na badala yake kawapa swali, kisha akasimama kimya hadi wengine wakadhani ameugua. Hajawapa jibu. Kaniambia hana.

Wakati wa chakula cha jioni akalirudia kwangu. Kwamba nifikirie tena, kwa utulivu: siku ile bondeni, lile neno lililokuwa mguuni, kama lingekuwa neno, lingekuwa lipi.

Nimemkanyaga chini ya meza.